Stroberi katika Bustani ya Nyumbani: Anza na Tuta Moja

Ndugu mkulima, mashamba ya makazi yalipoanza kugawanywa chini ya Mpango wa Ekari Milioni Moja mwaka 1962, mzee aliyepewa ekari 15 alijiona ana nafasi ya kutosha. Alikuwa na mahali pa ng'ombe, mahali pa pareto na mahali pa viazi, na bado lilibaki pori la kuni. Sasa fanya hesabu. Mzee huyo akiwa na wana watano, kila mmoja amepata ekari 3. Na wao wakiwa na watoto watano watano, kila mjukuu hapati hata ekari moja. Ardhi haizai ardhi. Kwa hiyo mjukuu hapana budi ajifunze kupata mali katika kipande ambacho babu yake alikiita ua wa nyumba.

Stroberi ni zao moja linalofaa kipande cha namna hiyo. Hukaa karibu na mlango, hunyweshwa kwa mkebe, na watoto hulipenda. Lakini ni zao lenye masharti. Anayelipanda ovyo ovyo hupoteza fedha za miche, na mara nyingine huharibu udongo wake kwa miaka mingi. Soma mpaka mwisho kabla ya kununua mche hata mmoja.

JE, SHAMBA LAKO LAFAA?

Stroberi hupenda mahali pa baridi kiasi, penye jua la kutosha mchana. Wakulima wa Nyandarua, Nyeri, Kiambu, Nakuru, Nandi, Uasin Gishu na Trans Nzoia wanaweza kujaribu bila wasiwasi wa hali ya hewa. Ndugu zetu wa skimu za pwani, kama vile Ziwa Kenyatta huko Lamu au Magarini huko Kilifi, wasisumbuke. Huko joto ni kali mno kwa mche huu, nao wana korosho, minazi na maembe ambayo sisi wa nyanda za juu hatuwezi kuyapata.

Sasa tazama udongo. Stroberi haipendi kusimama ndani ya maji. Chimba shimo la futi moja kwenda chini, ulijaze maji jioni, ulitazame asubuhi. Ukikuta maji bado yametuama, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Kinangop, usipande juu ya ardhi tambarare. Inua matuta marefu zaidi na uchimbe mfereji wa kuondoa maji, au utafute mahali pengine penye mteremko mdogo.

Mche huu hupenda udongo wenye uchachu kidogo tu, yaani pH kati ya 5.5 na 6.5. Palipokuwa na majani ya chai huenda uchachu umezidi. Mwulize Bwana Shamba akuonyeshe jinsi ya kuchukua udongo wa kupimwa, na usitie chokaa ya kilimo mpaka ujue kipimo kimesema nini.

USIPANDE PALIPOTOKA VIAZI

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika makala hii, kwa sababu wakulima wengi wa skimu ni watu wa viazi. Upo ugonjwa wa kunyauka uitwao vertisiliamu, unaoishi ndani ya udongo. Huushika mche wa kiazi, wa nyanya, wa biringani na wa pilipili hoho. Na stroberi pia huushika. Viazi vikishavunwa, ugonjwa hauondoki navyo. Hubaki udongoni ukingoja kwa miaka mingi. Ukipanda stroberi hapo, majani ya nje hukauka kwanza, yale machanga ya katikati hubaki kijani kwa muda, halafu mche mzima hufa. Hakuna dawa ya kuuponya mche ulioshikwa.

Basi chagua mahali ambapo hapakuwa na viazi, nyanya, biringani wala pilipili hoho kwa miaka 4 au zaidi. Palipokuwa na kabeji, vitunguu au mahindi panafaa. Palipokuwa na nyasi tangu zamani panafaa pia, lakini lima mapema, uache udongo upigwe na jua, na uokote funza weupe wanaokula mizizi. Kuku wakiachiliwa hapo siku chache kabla ya kupanda watakusaidia kazi hiyo.

KUNUNUA MICHE

Miche ya bei rahisi ya kando ya barabara mara nyingi huwa ghali mwishoni. Ukinunua mche mgonjwa umenunua na ugonjwa wake, nao utaingia katika udongo wako na kukaa. Nunua katika kitalu kilichosajiliwa na kukaguliwa, na uulize karatasi za ukaguzi bila kuona haya. Fedha ni zako.

Ukifika kitaluni, tazama mambo haya. Majani yawe ya kijani safi, yasiyojikunja wala kuwa na madoa mekundu au ya kahawia. Mizizi iwe mingi na yenye rangi ya kung'aa, isiwe myeusi. Kisha omba ruhusa upasue mche mmoja katikati kwa kisu. Ndani ya moyo wa mche, yaani ile sehemu nene ambapo majani hutokea, pawe peupe. Ukiona rangi ya kahawia au wekundu wa kuoza, shukuru, rudisha kisu mfukoni na uende zako nyumbani.

Aina iliyozoeleka Kenya ni Chandler, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1983. Douglas na Pajaro pia zinajulikana. Uliza jirani aliyekwisha kupanda ni ipi inayostawi vizuri zaidi upande wenu.

KUTENGENEZA TUTA

Kwa mwanzo tengeneza tuta moja tu, lenye upana wa futi 3, urefu wa futi 20, na kimo cha inchi 8. Changanya udongo na madebe 2 au 3 ya mbolea ya ng'ombe iliyooza sawasawa. Mbolea iliyooza haina harufu kali, haina moto ndani, na huvunjika mkononi kama udongo. Mbolea mbichi huunguza mizizi. Tena, tunda hili huliwa bichi na hukua karibu na ardhi, kwa hiyo mbolea mbichi yaweza kuleta ugonjwa wa tumbo nyumbani kwako na kwa mnunuzi wako. Baada ya kupanda, usiweke kabisa mbolea mbichi juu ya tuta.

Panda mistari 2. Kutoka mstari hadi mstari iwe inchi 18, na kutoka mche hadi mche iwe futi 1. Kila mstari utabeba miche 20, na tuta zima miche 40. Usisongamanishe miche ili upate zaidi. Miche iliyosongamana hukosa upepo, matunda hukaa na umande mpaka saa sita, na kuvu hustawi kuliko stroberi.

Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua, jioni au siku ya mawingu. Chimba shimo la kuienea mizizi bila kuikunja. Hapa wengi hukosea: moyo wa mche ukifukiwa huoza, na ukiachwa juu mno mizizi hukauka. Udongo ufike katikati ya moyo, usipite hapo. Shindilia kwa vidole, tia maji, kisha tazama tena, maana udongo hushuka baada ya maji.

NYASI KAVU CHINI YA MATUNDA

Miche ikishashika, tandaza mabua makavu ya ngano au shayiri, au nyasi kavu, unene wa inchi 2 juu ya tuta, ila usiufunike moyo wa mche. Matandazo haya yana kazi tatu. Huzuia magugu, hulinda unyevu, na huzuia mvua isirushe udongo juu ya matunda. Tunda lililoguswa na udongo uliolowa huoza upesi. Jihadhari na nyasi za kikuyu: zikitandazwa zikiwa mbichi hushika mizizi, na hapo utakuwa umejipandia magugu kwa mkono wako mwenyewe.

MAJI

Mizizi ya stroberi haiendi mbali. Mingi imo katika futi moja ya juu. Kwa hiyo mche huona kiu kabla ya mahindi kuiona. Mahitaji yake ni kama inchi 1 ya maji kwa wiki. Kwa tuta letu la futi 3 kwa futi 20, hiyo ni karibu lita 140, yaani mitungi 7 ya lita 20. Gawanya kwa siku tatu au nne badala ya kumimina yote siku moja. Wakati wa mvua pima kwa macho na kidole. Udongo ukiwa na unyevu kwa inchi 2 chini ya nyasi, usiongeze maji.

Mwagilia asubuhi, na umwagilie chini, si juu ya maua na matunda. Kabla ya kuongeza tuta la pili jiulize ni nani atakayebeba mitungi mingine 7 kila wiki mwezi wa Januari na Februari, na kisima chenu kina maji kiasi gani wakati huo.

MAUA YA KWANZA NA KAMBA ZA MCHE

Baada ya wiki chache utaona maua. Katika wiki 4 hadi 6 za kwanza yakate yote. Watoto watalia, na huenda hata mama mwenye nyumba atakuuliza kama una akili timamu. Lakini mche mchanga ukizaa mapema hudhoofika. Uache kwanza ujenge mizizi na majani. Baadaye ua likifunguka, tunda huwa tayari baada ya siku 28 hadi 30 hivi, na siku zaidi mahali pa baridi sana.

Mche pia hutoa kamba nyembamba zinazotambaa, na kila kamba huota mche mtoto. Katika tuta la matunda kata kamba hizo, kwa kuwa hula nguvu ya mama. Lakini chagua miche 5 yenye afya uipande kando, ukate maua yake, na uache izae watoto. Kila mama akitoa watoto 8, umepata miche 40 ya tuta jingine bila kulipa senti. Mtoto aliye karibu zaidi na mama ndiye mwenye nguvu. Mweke juu ya mkebe uliojaa udongo mzuri, umbane kwa jiwe dogo, na baada ya wiki 4 hadi 6 akishashika mizizi kata kamba.

Usiendelee hivyo milele. Vidukari huleta virusi, na virusi hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Tuta likifika miaka 3 matunda hupungua na kuwa madogo. Ling'oe, panda kabeji au vitunguu hapo, na uanze stroberi mahali pengine. Kila baada ya vizazi vichache nunua tena miche safi.

NYUKI NI MFANYAKAZI ASIYELIPWA

Mwaka 1714 ofisa wa Ufaransa, Amédée-François Frézier, alirudi kwao kutoka Chile akiwa na miche ya stroberi yenye matunda makubwa. Ilipopandwa Ufaransa ilitoa maua lakini haikuzaa, kwa sababu miche hiyo ilikuwa ya kike tu. Ilipopandwa karibu na stroberi nyingine iliyotoka Amerika ya Kaskazini, ikapata chavua. Kutoka kwa ndoa ya aina hizo mbili ndipo ilipozaliwa stroberi tunayoila leo.

Mche wa siku hizi una ume na uke katika ua moja, lakini bado unahitaji upepo na wadudu kupeleka chavua kila upande wa ua. Zile punje ndogo zilizo juu ya ngozi ndizo zenye mbegu. Punje isiyopata chavua haikui, na nyama iliyo chini yake hainenepi. Ndiyo maana unaona tunda lililopinda au lenye uso uliosinyaa. Mwenye mzinga karibu na bustani ana faida mbili. Wala usipige dawa ya wadudu maua yakiwa wazi, hata dawa ya pareto yetu, maana nayo huua nyuki.

MAADUI WA STROBERI

Ndege huona wekundu kabla yako. Funika kwa wavu juu ya fito zilizopindwa. Koa na konokono hula usiku. Weka ubao chini jioni, uugeuze asubuhi, uwaokote. Viwavi wakata miche hujificha udongoni karibu na shina. Chimbua na uwaue. Utitiri mwekundu huja wakati wa kiangazi, na majani hugeuka rangi ya shaba. Tazama chini ya jani. Mche usiokauka kwa kiu huwashinda kwa urahisi zaidi.

Kuvu wa kijivu ndiye adui wa mvua. Tunda hulainika na kuota manyoya ya kijivu. Kila siku toa matunda yaliyooza, pamoja na yale ya chini ambayo hungeyauza, uyafukie mbali. Tunda moja bovu likiachwa hugusa jirani yake.

Katika Kinangop na Ol Kalou, usiku wa anga safi wakati wa kiangazi huleta sakitu. Ua lililoungua huwa jeusi katikati na halitazaa. Jioni ukiona hakuna wingu wala upepo, funika tuta kwa magunia au nyasi, ufunue asubuhi.

Ikikulazimu kutumia dawa, tumia iliyosajiliwa na PCPB kwa zao hili, na usome karatasi ya chupa inasema ungoje siku ngapi kabla ya kuvuna. Kumbuka kwamba wa kwanza kuyala matunda hayo ni mtoto wako mwenyewe, naye hangoji kuoshewa.

KUCHUMA NA KUUZA

Waswahili husema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuchuma ni kazi ya kuinama kila siku ya pili au ya tatu. Chuma asubuhi umande ukishakauka na jua kabla halijawa kali. Kata kikonyo kwa ukucha, uache kofia yake ya kijani, usivute tunda. Chuma lililoiva, kwa sababu stroberi ikishachumwa haiongezi utamu, hata ikiongeza wekundu. Weka katika chombo kifupi, tabaka mbili tu. Usioshe mpaka wakati wa kula. Katika joto la kawaida tunda hukaa siku moja au mbili; penye baridi ya karibu na barafu hukaa siku 5 hadi 7.

Kwa hiyo tafuta mnunuzi kabla tunda halijawa jekundu. Nenda shuleni, hospitalini, hotelini, na kwa wenye kutengeneza maziwa ya mtindi. Uliza wanataka kiasi gani na siku gani. Mche uliotunzwa vizuri waweza kutoa robo kilo hadi nusu kilo kwa mwaka, basi tuta letu la miche 40 litakupa kilo 10 hadi 20. Hizo ni za nyumbani na za kuuza kidogo. Hoteli haiwezi kutegemea tuta moja, lakini majirani kumi wenye matuta mawili mawili, wakiungana na kuchuma siku moja, wanaweza kupeleka mzigo unaoeleweka.

Usichukue mkopo kwa ajili ya tuta la kwanza. Nunua daftari, andika bei ya miche, mitungi ya maji, saa za kazi, kilo ulizochuma na fedha ulizopata. Mwaka ukiisha, daftari litakuambia kama uongeze au uache. Hilo ni shauri bora kuliko la jirani anayesifu au la jirani anayecheka.

JEMU YA NYUMBANI

Matunda madogo au yaliyopinda usiyatupe. Chukua kilo 1 ya matunda yaliyooshwa na kutolewa kofia, kilo 1 ya sukari, na maji ya malimau 2. Limau ni la lazima, kwa sababu stroberi peke yake haigandi vizuri. Pika matunda na maji ya limau polepole mpaka yalainike. Tia sukari, koroga mpaka iyeyuke yote, halafu ongeza moto uchemshe kwa nguvu. Baada ya dakika 10 hadi 20, dondosha kidogo juu ya sahani baridi na usukume kwa kidole. Ikikunjamana, iko tayari. Jaza ingali moto katika chupa zilizochemshwa kwa dakika 10, ufunge. Ukitaka kuiuza madukani, kwanza fuata sheria ya alama ya ubora ya KEBS.

Kwa uzito ulio sawa, stroberi ina vitamini C karibu sawa na chungwa. Basi hata mwaka ambao soko limekuwa baya, hutakuwa umelima bure, maana watoto watakuwa wamekula.

Ndugu mkulima, wiki hii chagua mahali, uchimbe lile shimo la maji, na ukumbuke ni mwaka gani viazi vilikuwa hapo mara ya mwisho. Ukishapata majibu hayo mawili, mwendee Bwana Shamba wa wadi yako. Miche ndiyo ya mwisho kununuliwa.